Swali la Lois Ambalo Halimo Kwenye Fomu

Saa nne asubuhi, Jumamosi, Lois Nekesa anavua buti zenye theluji mlangoni kwa Mzee Wanjohi, ghorofa ya tatu, mjini Burnsville. Soksi zake ni za sufu, moja imetiwa kiraka kisiginoni kwa uzi mwekundu. Anaketi, anaipakata fomu ya maswali.

Siku tano za juma Lois, mwenye miaka 58, huwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Jumamosi huwahoji watu majumbani, kwa dola 19 kwa saa, kwa niaba ya shirika linalotaka kujua kama maisha ya watu yanapanda pamoja na mishahara yao.

"Baba, kutoka sifuri hadi kumi, umeridhika kiasi gani?"

"Weka nane. Niko na gari, niko na bima."

"Na ukiugua leo, nani atajua kabla ya jioni?"

Mzee anakuna kidevu. "Hiyo nayo iko kwa fomu?"

"Haiko. Ni yangu."

"Basi futa nane, weka nne. Usiweke mbili, utaniletea ambulensi!"

Wanacheka.

Swali hilo alitoka nalo Kimilili, alikozaliwa. "Kwetu tulipika kwa kuni," anasema. "Jirani akiona saa tatu imefika na jikoni kwako hakujatoka moshi, anakuja. Hata haulizi una nini. Anakuja na kaa la moto kwenye kigae, eti alidhani lako limezimika. Hapa moshi ukitoka, wanakuja watu wa zimamoto!"

Ofisini walimwambia swali lake halina alama za kujumlisha. Msimamizi wake, Kendi, akamlegezea kidogo: alete majibu ya nyumba thelathini kabla ya mkutano wa Alhamisi, ndipo waamue. Likikataliwa, litangoja fomu mpya, itakayotoka baada ya miaka mitano.

Kwa Mzee Wanjohi ni nyumba ya ishirini na nane. "Wengi wana mshahara ambao marehemu baba hangeuota," Lois anasema. "Lakini kumi na tisa hawana jina la kunitajia, kama huyu."

Mwingine kati yao anakaa ghorofa hii hii. Lois hamtaji, majibu ni siri.

Na wakilikataa Alhamisi?

Anafunga kamba za buti, polepole. "Nitangoja hiyo miaka mitano. Hawa wasio na wa kuwajulia hali ndio hawawezi. Kesho nikitoka kanisani nakuja na chai ya tangawizi na mandazi, nigonge kila mlango wa ghorofa hii. Walichonijibu siwezi kumwambia mtu. Lakini kuwaketisha pamoja, nani amenikataza?"