Nthambi Akataa Kunenepa

Wifi yangu Nthambi alikuwa mnene, na Wamunyu nzima ilimsifu. Sifa zenyewe zilimwendea kaka yangu Mwangangi: mke ameshiba, boma limetulia. Hakuna aliyeuliza mwili ule umetoka wapi. Nthambi alikuwa na kibanda cha chai karibu na karakana za wachonga vinyago, na kutwa nzima alikunywa pamoja na wateja, sukari vijiko vinne kila kikombe. Mandazi yaliyobaki ndiyo yalikuwa chakula chake cha jioni. Siku ya soko, soda. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kikombeni.

Mwaka wa tisini na nane muuguzi akampima, akamwambia ana kisukari. Hakuhitaji maelezo marefu. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, kisha akapofuka. Nthambi akaacha sukari, soda na mandazi siku hiyo hiyo. Akarudia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akijipakulia kwa kiasi, na kunde kwa wingi. Kiu akaikata kwa maji. Mwaka uliofuata nguo zilikuwa zinampwaya, sukari imeshuka, magoti hayamuumi tena.

Hapo ndipo midomo ilipoanza kuwasha watu. Miaka ile ukikonda, jibu lilikuwa moja tu: ukimwi. Wateja wakaanza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, wengine wakahama kabisa. Watu wazima wenye akili zao! Mpaka leo nikiwakumbuka napandwa na hasira.

Ikakaribia ntheo ya binti yao Ndanu, siku ambayo upande wa mume huleta mbuzi ili msichana ahesabiwe mke. Mwangangi akaingiwa na woga.

“Mama Ndanu, kunywa soda hata mwezi moja tu, mwili irudi. Hawa watu watatuachia msichana.”

“Na mguu ikikatwa, utanipatia yako?”

Wageni walikuja. Kalondu, mama wa bwana harusi, aliitazama sahani ya muthokoi bila kuigusa, na watu wake wote wakamfuata. Kisha akafungua soda akaisogeza mbele ya Nthambi.

“Kunywa, mama Ndanu. Ukikunywa tutajua uko mzima.”

Nthambi akairudisha pale ilipotoka.

“Sikunywi. Niko na kisukari, na hii ndiyo itaniua. Lakini sitawaapia ati sina ule ugonjwa mwingine. Hata ningekuwa nao, muthokoi ingekuwa hii hii, na haingewadhuru. Anayeogopa sahani yangu, mbuzi zake ziko hapo nje.”

Mwangangi akainamisha kichwa. Mimi nilitamani kupiga vigelegele.

Ndanu, ambaye alipaswa kungoja ndani na wasichana wenzake, akatoka. Akaketi kando ya mama yake, akachukua kijiko kile kile mama alichokuwa anakitumia, akala kutoka sahani yake mbele ya wote.

“Mwaitu ndiye alinilea na hii mikono,” alisema, akimshika mama yake mkono. “Nyumba yenye haiwezi kula chakula yake, mimi sitaenda.”

Macho yote yakamgeukia Kalondu. Akavuta sahani yake, akaanza kula.

Nthambi hakumshukuru wala hakutabasamu.

“Imepoa,” alimwambia. “Ungekula mapema.”