Arobaini ya Mama

Nilikuwa fundi cherehani Bagamoyo, na sikupenda kufundishwa kupima. Kwa hiyo daktari wa Dar es Salaam alipotoa futi kama yangu akamzungushia mama kwenye paja, nilikaza macho nione kama anaijua kazi. Mgongo wa mama ulikuwa umepinda tangu usichana wake, na miaka ile ya sabini mwanzoni ulizidi kumkunja hata pumzi ikawa shida. Daktari alikubali kumpasua aunyooshe, lakini kwanza akamwambia amfinye vidole kwa nguvu zake zote, kisha ainuke kitini bila kushika kitu. Mama akainuka kwa taabu.

"Misuli imepungua," daktari akasema. "Nikimpasua hivi, huenda asiinuke tena kitandani. Mlete baada ya miezi miwili nimpime upya. Ikizidi kupungua, simgusi."

Loo, sikulala raha tena! Tulipofika nyumbani nikamtia mama arobaini, kama mzazi aliyejifungua jana. Nani angenifundisha kumnenepesha mtu? Asubuhi uji wa pilipili manga na samli, mchana supu ya pweza kutoka Mlingotini, kisha kitandani. Asifagie, asikune nazi. Hata swala nikamwambia aswali ameketi, mgonjwa ana ruhusa.

"We mtoto, kwani mimi nimezaa nini?" akaniuliza.

"Kunywa uji, mama."

Kila Ijumaa nilimpima. Kiuno kilijaa, mkono ukajaa, hata paja likaongezeka. Nilifurahi, lakini moyo haukutulia, maana akienda chooni alikuwa ananiegemea kuliko zamani. Nikajidanganya kuwa ni uzito.

Siku ilipofika, daktari akalibana paja lile kwa vidole viwili.

"Haya ni mafuta," akasema. "Haya, mama, inuka."

Mama akajikakamua, akajikakamua tena. Hakubanduka kitini. Akanitazama mimi, si daktari, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Nyumbani anafanya kazi gani?"

"Hafanyi kitu," nikasema. "Hata kuswali, anaswali ameketi."

Daktari akaweka futi mezani. "Mara tano kwa siku alikuwa anainama, anakwenda chini, anainuka. Nani aliyemkataza?"

Wallahi, mimi nikaichukua futi ile, nikaanza kuikunja.

"Nilichoka tu, daktari," mama akasema.

Daktari akatupa miezi miwili mingine, ya mwisho.

Siku ya pili yake, adhana ya alasiri ilipoadhiniwa, mama akatandika msala mwenyewe. "Usinishike," akaniambia, akasimama kuswali. Rakaa ya kwanza akainuka. Ya pili akainuka. Ya tatu akakwama katikati, viganja vimekita chini, magoti yanatetemeka, na pumzi yake naisikia mpaka mlangoni nilipo. Nikanyoosha mkono nimwinue. Nikaurudisha.