Ufunguo Mmoja, Walevi Saba

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, fundi kufuli wa miaka hamsini na mmoja alifika kwenye kikao cha watu wanaoacha pombe, akakuta mlango umefungwa. Alikuwa na siku tisa bila kunywa. Binti yake alishamwambia, "Baba, ukirudi unanuka tena, mjukuu humwoni."

Alhamisi mbili zilizotangulia, karatasi ya anwani aliyopewa zahanati ilimpeleka kwenye shule, kisha kwenye ofisi ya bima, ambako mlinzi alimcheka. Safari hii chumba kilikuwa ndicho, nyuma ya maktaba, na watu sita walisimama nje.

"Ufunguo anao katibu," alisema muuza viatu, mama mnene mwenye sauti kali. "Na katibu yuko baa tangu juzi."

"Ufunguo mmoja, mkampa mlevi?"

"Sasa tumpe nani, baba? Hapa sote ndio hao."

Fundi akatoa vyuma vyake vya kufungulia kufuli. Kufuli ya aina ile huifungua kwa dakika moja, lakini mikono ilitetemeka, vyuma vikaanguka mara mbili.

"Polepole, fundi, haitoroki," mama akamtania.

"Nyamaza, dada!"

Ilimchukua dakika arobaini. Alipokaa na kutaja jina lake, muda ulikuwa umekwisha. Alitoka amenuna, akapita baa bila kugeuka.

Kesho yake alirudi mlangoni, akaipima kufuli, akachonga funguo saba na kumwachia muuza viatu awagawie wenzake. Alhamisi iliyofuata, saa ya kikao, saa kumi na nusu, kila mmoja angekuja na wake.