Godoro la Nyama

Siku ya sikukuu Mama Pacha alishinda mbiombio kati ya jikoni na sebuleni, lakini macho yake hayakukimbia. Miaka mitano ya kupiga pasi kwenye duka la dobi imeyafundisha kuona kunjo kabla nguo haijatandazwa. Ndiyo maana, alipokuwa akikusanya sahani, alikiona alichokifanya mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima humwita Bibi. Vipande vitatu vya nyama vilikuwa vimefichwa chini ya kabichi, vimeng'atwang'atwa pembeni na kuachwa.

"Nimeshiba ndi!" Bibi alikuwa amewaambia watu, huku akijipapasa tumbo.

Na nyama hiyo Bibi kaioka mwenyewe tangu alfajiri, wageni wakajilamba vidole.

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alimwona Bibi akichovya mkate kwenye chai mpaka ukawa kama uji, akaumeza bila kutafuna. Hapo akakumbuka gauni alilompunguzia kiuno mara mbili ndani ya miezi miwili. Mama wa watu hakuwa ameshiba. Alikuwa na njaa, na meno ya kutafunia hana tena.

Lakini utamwambiaje? Bibi alikuwa mpishi mkuu wa shule kwa miaka ishirini na saba. Ukimpelekea uji atakuuliza mgonjwa ni nani. Mama Pacha akafungua friji, akatazama viporo. Nyama ilikuwa imekauka kama soli ya kiatu, viazi vya kuchemsha bakuli zima, rojo limeganda. Akasimama akiwaza, mlango wa friji ukimpulizia baridi magotini.

"Hodi, wifi! Kiporo changu kiko wapi?"

Dada wa mumewe aliingia na vyombo vitatu vya plastiki, mifuniko ikigongana. Kila sikukuu nyama inayobaki huwa yake.

"Wifi, leo nyama niachie. Chukua kuku, chukua na keki yote."

"Makubwa! Kumbe wifi yangu una mkono wa birika? Nyama kaoka mama yangu mzazi, halafu nikatazwe na wewe uliyeingia humu na sanduku moja!"

Neno moja tu lingemsafisha. Lakini Bibi alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, akiwasuka pacha. Mama Pacha akalimeza lile neno kama mwiba wa samaki.

"Kaa tule pamoja basi, wifi. Chakula hakitachelewa."

Akaikata nyama vipande vidogo vidogo, akaitia kwenye kinu pamoja na kitunguu, akatwanga mpaka mkono ukamuuma. Akaichemsha ndani ya rojo, nyama ikanywa, ikalegea. Viazi akaviponda kwa maziwa na siagi, hata donge moja lisibaki. Kisha akatandika sufuriani tabaka la viazi, juu yake nyama, juu tena viazi, akafunika na kuacha moto mdogo kabisa. Harufu ikawatoa pacha chumbani, mmoja kichwa nusu kimesukwa.

"Mama, umepika godoro!"

Akampakulia kila mtu sawasawa, na wifi pia, ili Bibi asionekane wa kupikiwa peke yake. Bibi alichota kijiko cha kwanza, akatulia. Akachota cha pili. Baada ya hapo hakuinua kichwa mpaka sahani ikawa nyeupe. Mama Pacha alikuwa bado hajagusa chake.

"Kitamu, sikatai," alisema wifi. "Lakini ndiyo uninyime nyama ya mama yangu? Uchoyo mwingine bwana, hata haya hauna!"

Bibi akaweka kijiko chini.

"Mwache mwenzio." Akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole. "Unaona huku nyuma? Hamna kitu, mwezi wa tatu huu. Jana nimekula kabichi na mchuzi, na mlinizunguka meza nzima. Huyu ndiye aliyeona. Kaona, akaninyamazia, akakubali umtukane."

Wifi akashika shavu. "Mama! Si ungesema?"

"Niseme nini? Mpishi mkuu kaoka nyama asiyoweza kuitafuna?"

Akaanza kucheka yeye mwenyewe, kinywa wazi, bila kukiziba kwa kiganja kama alivyozoea siku hizi. Pacha wakacheka kwa sababu bibi yao anacheka. Wifi akajifuta macho.

"Wifi, nisamehe. Mdomo wangu hauna breki. Na wewe mama, keshokutwa nakupeleka kwa daktari wa meno, usije ukanipiga chenga."

"Tutakwenda." Bibi akamsogezea mkaza mwana wake sahani. "Niongeze, mwanangu. Ila siku nyingine kitunguu ukikaange kwanza, hiki kibichi kinanuka."

"Sawa, mama."

Mama Pacha akachota katikati, palipo laini.

"Na pale pembeni palipogandia," Bibi akasema. "Nipe. Nitapamumunya taratibu, siendi popote."