Siku Mbili za Njaa za Mama Vénérande

Watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, wanapenda kusema kwamba Mama Vénérande alikwenda Uingereza kula nyama. Wanasema hivyo kwa wivu, na mimi nikiwasikia nasimamisha cherehani nawajibu. Alikwenda akashinda na njaa siku mbili nzima, akipitishwa mbele ya vyakula ambavyo wengi wetu tutavijua kwa kuambiwa tu. Na mwenye kosa ni mimi, Épitace, fundi cherehani, ambaye meza yangu iko kwenye baraza la mgahawa wake tangu mwaka 2008.

Mgahawa wenyewe ni viti kumi na viwili na sufuria tatu. Anapika sombe ya majani ya muhogo, maharage, fufu ya muhogo kwa watu wa Kivu, mashariki ya Kongo, na nsima, ugali wa hapa, kwa Wamalawi wanaokuja siku ya soko. Vénérande Nabintu ni mwanamke wa Bukavu, huko huko Kivu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Kwake hakuna mgeni anayekaribishwa mara moja tu, kwa sababu kwetu mtu mwenye adabu hakubali chakula anapoulizwa mara ya kwanza. Anasema ameshiba, hata kama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Mwenye nyumba anamsihi, mgeni anakataa tena, safari hii kwa unyonge kidogo, na mara ya tatu anasogea mezani kana kwamba amelazimishwa. Anayerukia sahani mara ya kwanza, watoto watamcheka akishaondoka.

Mwaka 2004, vita ilipoingia Bukavu, Vénérande alikuwa sokoni Kadutu. Mume wake alikwisha kufa. Binti yao wa pekee, Charlène, mwenye miaka saba, alikuwa kwa shangazi yake Gertrude, na Gertrude akamshika mkono akavuka naye mpaka. Mama akakimbilia upande mwingine. Alipita Tanzania akafika hapa Dzaleka. Gertrude naye akahangaika nchi mbili tatu, mwishowe akapokewa Uingereza pamoja na mtoto, katika kijiji kimoja cha kaskazini. Miaka sita mama hakujua kama mwanawe yu hai. Walipopatikana, mwaka 2010, Vénérande alijaza sufuria zote tatu akatulisha bure mtaa mzima.

Alipiga simu ya kwanza akiwa hapa barazani, mbele yangu. Charlène alikuwa na miaka kumi na mitatu na Kiswahili chake kilibaki vipande. Baada ya salamu na machozi mama akamuuliza, "Likizo utakuya unione?" Kisha nikasikia kutoka kwenye simu, "Hapana."

Vénérande akanitazama. Nami, mjuaji wa kila kitu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Muache. Mutoto wa Bulaya akisema hapana, ni hapana. Ukimuuliza tena utamusumbua tu." Akaniamini. Tangu siku hiyo waliongea habari za shule na mvua, na lile swali halikurudi.

Lakini lilikuwa likimla. Siku moja alikuwa anachambua maharage, akaniuliza bila kuinua macho, "Fundi, mi nilizaa ao sikuzaa?" Alitaka kujua jambo moja tu, kama mtoto yule bado anamhesabu kuwa mama yake, na kwa simu asingelijua. Akaamua kwenda kumwona.

Kanisa ambako Gertrude alikuwa akisali likaandika barua ya mwaliko na kuahidi tiketi. Viza ikakataliwa mara ya kwanza. Ikakataliwa mara ya pili. Kila mara ilikuwa kuomba upya ruhusa ya kutoka kambini, kabaza, yaani baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, minibasi hadi Lilongwe, kulala Mchesi kwa Olga, dada wa kanisani anayeuza vitenge, halafu kuamka kupanga foleni ya viza. Baada ya jibu la pili Olga alimshika bega. "Mama Charlène, achana na hii mambo. Mungu amesema hapana."

"Mungu hajasema kitu," Vénérande akajibu. "Ni karani njo amesema."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama mpaka Mei 2013, alipopewa viza. Nilimshonea koti la kitambaa kizito, na juu ya koti nikamwongezea ushauri ambao hakuuomba. "Mama, kule bantu batatuangalia kupitia we. Usituletee haya. Banakukaribisha mara ya kwanza, unakatala. Ya pili, unakatala. Ya tatu njo unakamata sahani."

"Unanifundisha adabu mimi?" akasema. Lakini ushauri aliushika.

Yaliyofuata nayasimulia kama alivyonisimulia yeye, na sijaongeza chumvi. Aliyempokea Londres, yaani London, ni bibi mmoja wa kanisa lile, Hilary, mwalimu mstaafu mwenye gari dogo. Hilary hakupenda barabara kubwa. Alitaka mgeni wake aione nchi, kwa hiyo akapanga kwenda siku mbili kwa njia za mashambani, na kwake safari ilikuwa ni mahali pa kula. Alikuwa na orodha yake, ya nyumba alimokula tangu ujana wake, na alikuwa amepania kumwonyesha zote.

Walianza kwenye baa ya kijiji yenye dari fupi. Vénérande alishangaa, maana alikuta humo babu, mama mwenye mtoto mchanga na mbwa wawili, wote wanakula, na hakuna aliyelewa. Hilary akamuuliza atakula nini. "Hapana, asante, nimeshiba," akasema Vénérande kwa Kiingereza alichokipata hapa Malawi, huku tumbo likinguruma. Hilary akatikisa kichwa kwa heshima, akajiagizia pai ya nyama na njegere, akala yote akizungumza kwa furaha. Vénérande alisubiri swali la pili mpaka sahani ikaoshwa.

Alasiri wakasimama shambani kwa mtu mmoja aliyegeuza zizi kuwa mgahawa. Hapo kulikuwa na mikate midogo ya mviringo, inayopasuliwa ikiwa moto, ikapakwa krimu nzito na jamu. Aliulizwa mara moja, akakataa mara moja, ikaisha. Chai alikunywa, kwa kuwa chai ilimiminwa bila kuulizwa mtu, naye akaitia sukari vijiko vitano. Jioni, nyumbani kwa rafiki wa Hilary, ilikuwa mkate, jibini na vitunguu vya siki. Asubuhi, mayai. Karanga alizobeba kutoka kambini zilikwisha siku ya kwanza.

Siku ya pili mchana walifika ukumbi wa kanisa moja ambako akina mama walikuwa wamechoma kondoo. Mmoja wao akamtupia mbwa wake kipande cha mafuta. Mbwa hakungoja kusihiwa. "Fundi," aliniambia, "siku ile nilikukumbuka, na sikukukumbuka kwa maombi." Akiwa pale alianza kushuku kwamba nchi ile wanauliza mara moja. Lakini aibu ilimfunga mdomo. Alikwisha kusema ameshiba, angewezaje kugeuka?

Saa kumi wakafika kijijini. Gertrude alikuwa zamu huko anakofanya kazi ya kutunza wazee, kwa hiyo aliyefungua mlango ni Charlène peke yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mama yake, mwenye paji la uso la marehemu baba yake. Walikumbatiana, na Vénérande anasema kumbatio lile lilikuwa gumu, la watu wawili wasiojua waweke wapi mikono. Hilary akaaga, akawaacha.

Charlène alikuwa amepika tangu asubuhi. Alisonga ugali wa semolina, unga wa ngano wa kule, mara mbili kwa sababu wa kwanza ulishika madonge, na sombe alikuwa ameipata duka la Waafrika mjini, imegandishwa. Akaleta sahani, akaishika kwa mikono miwili. "Mama, utakula?"

Na Vénérande, mwenye njaa ya siku mbili, mdomo wake ukajibu wenyewe. "Hapana, mwanangu. Nimeshiba."

Mtoto akasema sawa. Akageuka na sahani yake akarudi jikoni, na mama akamwona mabega yakishuka. Moyo ulimpasuka. Akaelewa kwamba amekuja kutoka Malawi kuja kukataa chakula cha mtoto wake. Aibu yote ikaondoka hapo hapo. Akasimama akamfuata.

"Charlène, nimekudanganya. Nina njala. Tangu Londres sijakula kitu."

"Basi kwa nini umesema hapana?"

"Nilitaka uniulize tena. Kwetu njo hivyo. Mutu anasema hapana, unamuuliza tena."

Charlène akaiweka sahani mezani. Akasema, kwa Kiswahili chake cha vipande, "Ile siku kwa simu. Uliniuliza kama nitakuya kwako. Nilisema hapana. Mi nilingojea. Haukuuliza tena."

Vénérande aliponieleza hapo, nilitamani ardhi inimeze. Maana kuanzia siku ya simu mpaka siku ya koti, nilikuwa nimemfundisha mambo kinyumenyume: mtoto wa Bukavu nikamfanya mzungu, na wazungu nikawafanya watu wa Bukavu. Hakunigombeza. Aliendelea tu kuchambua maharage yake, akaniambia jinsi alivyokula sahani ile, na ya pili, na kwamba sombe haikuwa na chumvi. Walikula kutoka sahani moja, kwa mikono, na kati ya tonge na tonge alimuuliza, "Utakuya?" Mtoto akasema hapana, ana mitihani. Akamuuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku ya ndege.

Ni mwaka wa nne sasa. Kila Jumapili baada ya ibada Vénérande anakaa pale mlangoni na simu, anauliza, na kila Jumapili nasikia jibu lile lile. Kwanza mitihani, halafu chuo, halafu kazi. Akina mama wa kanisani wamechoka kwa niaba yake. Juma lililopita Olga alikuja kutoka Mchesi akamwambia wazi kwamba anamchosha binti wa watu, kwamba mtu mzima hujua kusoma jibu, na kwamba kama hataacha mwenyewe atanyamazishwa na huyo binti.

Vénérande alikuwa anakoroga sombe. Hakukasirika.

"Nilimuuliza Charlène mwenyewe kama niache kumuuliza," akasema. "Akasema hapana. Hiyo moja sikumuuliza mara ya pili."