Baba Mkwe Alinimiminia Siki, Akaisifu

Baba mkwe wangu alinimiminia siki kwenye glasi ya mvinyo, akajimiminia na yeye, akainywa yote, akalamba midomo.

"Huu ndio mvinyo bora wa maisha yangu," akasema. "Haya, mtu wa bia, niambie unasikia nini humo."

Siki kabisa, ndugu zangu. Ile ya kumwagia saladi ya matango.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake mwenyewe, kwa hiyo msianze kunisema kwamba namwanika mzee wa watu.

Naitwa Veit. Kwetu ni juu huko Eifel, milimani Ujerumani, kwa watu wa viazi na bia. Annelie, mchumba wangu wakati huo, kwao ni bondeni, ukingoni mwa mto Mosel, ambako mtoto anajua kutofautisha zabibu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kwa gari ni mwendo mfupi tu. Kwa dharau, ni kama kuvuka bahari.

Baba yake, Mzee Burkhard Thielen, alikuwa na pua iliyoogopwa kuliko zote mtoni pale.

Na alikuwa anaitumia kutesa watu. Ukija kuonja, chupa anazivalisha soksi usione karatasi ya jina. Au anakumiminia mvinyo mchanga ambao bado unanuka mayai viza, kisha anakuuliza kwa upole kabisa, "Vipi huu?"

Ukisema unanuka, umekwisha. Mwakani mvinyo ule ule unatoka mtamu wa kutisha, na mzee anakutangaza kila harusi: "Huyu bwana alisema mvinyo wangu unanuka! Pua yake ni ya kushikilia miwani tu!"

Ewald, jirani yake, mkulima wa zabibu tangu ujana, alishaumbuliwa hivyo. Padri alishaumbuliwa. Mimi ziara yangu ya kwanza nilisifia mvinyo wa dukani nikidhani ni wake. Mzee alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi Machi nikaitwa. Annelie alinipokea mlangoni, uso hauna raha.

"Leo anachanganya mapipa," akaninong'oneza. "Anataka wewe uonje kwanza lile kubwa."

"Mimi? Kwa nini mimi tena?"

"Sijui, Veit. Tangu augue yale mafua ya Januari amekuwa hivi. Kila anayepita anavutwa chini akaonje. Tafadhali, safari hii usijichanganye. Harusi ni Juni, na baba bado hajatamka ndiyo."

"Wewe umeshaonja?"

"Nimeonja."

"Ukoje?"

Akaangalia pembeni. "We shuka tu."

Nikashuka.

Ghala lao la chini lina baridi mwaka mzima na kuta zimeota ukungu mweusi, na mtu akithubutu kuugusa ule ukungu kwa ufagio anafukuzwa. Mzee alikuwa amesimama katikati, amekonda kidogo, kofia kichwani, mrija wa kioo mkononi.

Nikaona mpira wa pampu. Umeshafungwa kwenye pipa kubwa, upande wa pili umeingia kwenye tangi la chuma. Mvinyo wa mapipa mengine yote ulikuwa tayari ndani ya tangi. Lilibaki hilo moja.

"Anza na wa tangini," mzee akaamuru.

Nikanusa, nikanywa, nikatulia. Aisee! Tofaa bichi, pichi ambayo haijaiva vizuri, na kwa mbali harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua. Ukali wake unakuamsha, halafu utamu unakuja taratibu kukuomba radhi. Mwaka uliopita ulikuwa wa baridi, zabibu zilichelewa mpaka watu wakakata tamaa, na baridi ile ndiyo ilikuwa inaimba humo ndani.

"Mzee, hapa umepiga," nikasema, na nilimaanisha.

Hakutabasamu. Alikuwa ananitazama mdomo, si macho.

Ndipo akachovya mrija kwenye pipa kubwa. Harufu ilinifikia kabla ya glasi. Mengine mnayajua.

"Unasikia nini?" akarudia.

Jamani, akili ilizunguka. Nikajiambia huu ni mtego. Hakuna mtu mwenye pua ile anayeweza kunywa siki akalamba midomo. Kwa hiyo ananipima. Lakini anapima nini? Kama nitajikosha kwa kusifia uchafu? Au huu ni mmojawapo wa ile mivinyo yake ya kunuka leo na kushangaza kesho, nikisema siki nitangazwe kwenye harusi yangu mwenyewe?

Nikanywa tena. Koo likawaka. Nikaizungusha glasi. Nikaiangalia kwenye taa. Nikafanya kila kitu ambacho watu hufanya wakiwa hawana la kusema.

"Ni... mkali," nikasema.

"Mkali!" akadakia. "Si ndiyo? Baridi ya mwaka jana hiyo. Ukali ndio dhahabu yetu huku. Ewald ameniambia wiki hii, Burkhard, hapo umegusa mbingu. Padri amesema ni wa kubarikiwa. Kwa hiyo na wewe unakubali?"

Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya pampu.

Hapo jasho likanitoka, na baridi ile. Kama ni mtego, hawezi kuwasha. Atasimama, atacheka, yataisha. Nikasubiri acheke. Hakucheka. Kidole kikagusa swichi.

Siki hiyo ikiingia tangini, mavuno yote yamekwenda. Familia nzima ilikuwa imeyavuna kwa mkono kwenye mteremko ule wa mawe, Annelie akiwa na kapu mgongoni tangu asubuhi hadi giza.

Nikajilipua.

Niliruka nikachomoa waya ukutani. Glasi ilinitoka ikapasuka.

"Ni siki, mzee! Pipa limeharibika! Hii ni siki tupu, usiichanganye!"

Mzee akaiachia swichi.

Kichwani nikaanza kuifuta harusi. Nikamfuta na Annelie. Nikajiona narudi kwetu kwenye viazi.

Mzee akakaa juu ya kreti. Akavua kofia.

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba." Sijui neno baba lilitokea wapi.

"Kabisa?"

"Hata mama yangu aliyeko Eifel atakuwa ameshaisikia harufu."

Akachukua glasi yake, akatia pua ndani, akavuta hewa kwa nguvu kama mtoto anayejifunza. Akaiweka chini.

"Mimi sisikii harufu yoyote," akasema. "Tangu Januari. Si mvinyo, si kahawa, si moshi. Nilidhani itarudi."

Nikaiangalia glasi yake.

"Nikiwa kitandani sikutaka mtu aguse mapipa yangu. Lile kubwa likapungua, hewa ikaingia, na hewa ndiyo hugeuza mvinyo kuwa siki, hakuna aliyelijaza. Nilipoinuka nikaonja, ulimi ukasikia ukali tu. Ukali ninao kila mwaka. Lakini roho ilikuwa haitulii."

"Sasa kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba Burkhard hana pua?" Akaigeuza kofia mkononi. "Nikasema basi, nitawaonjesha. Mmoja wao ataniambia. Nikamwonjesha Ewald. Nikamwonjesha padri. Nikamwonjesha mke wangu na mwanangu. Wote wamesifu. Mpaka nikaanza kuamini."

Tulipanda juu. Mama, yaani Mama Irmgard, alikuwa anakaanga chapati za viazi, na rojo la tofaa liko mezani. Annelie alimwona baba yake usoni akasimama.

"Anne," mzee akasema, "lile pipa kubwa. Ulipoonja ulisikia nini?"

Annelie akanitazama mimi, kisha mama yake.

"Baba, usinifanyie hivyo."

"Niambie tu."

"Siki," akasema, machozi yanamlenga. "Nilisikia siki tangu mlangoni. Nilidhani unanijaribu. Nilidhani unataka kuona kama naweza kuachiwa ghala. Nikasema ni mzuri kwa sababu kila nikisema mvinyo ni mbaya unanicheka mbele za watu."

Mama Irmgard akazima jiko. "Na mimi nilijua, Burkhard," akasema polepole. "Nikasema mzee yuko kwenye michezo yake, nisimharibie."

Mzee akaweka mikono yote miwili mezani.

"Sikuwa namjaribu mtu," akasema. "Nilikuwa naomba."

Akalia. Sijawahi kumwona mwanaume wa mto ule akilia mbele ya chakula, na sitaki kuona tena. Annelie alimkumbatia kwa nyuma, kichwa chake kikiwa begani kwa baba yake, na chapati zilipoa hakuna aliyezigusa.

Mvinyo wa tangini ulipona. Juni tulioana. Pua ya mzee haijarudi vizuri, na ghala sasa ni la Annelie. Yeye ndiye anayenusa, yeye ndiye anayeamua, na baba yake akiuliza anajibiwa.

Najua wengine huko kwenye maoni mnataka kuandika kwamba mchimba kisima ameingia mwenyewe. Andikeni. Nusu ya haki mnayo, maana ukizoea kuwatega watu, siku unayowahitaji watakuona bado unatega.

Lakini mtu wako akikuuliza "vipi hii?", mjibu ukweli, hata kama jana alikucheka. Mimi nilimwona yule mzee akiwa ndani ya kisima chake, na sisi tuliompenda tumesimama juu, tunamsifia maji.