Milango Iliyomkataa Obadiah

Obadiah Mwakio alikuwa na chumba cha kompyuta nne karibu na stesheni ya Voi, na jambo alilojivunia kuliko yote humo hakuna mteja aliyeweza kuliona. Mwaka uliotangulia, mhuni mmoja aliyetumia intaneti ileile ya jengo aliwafungulia wateja ukurasa wa uongo, akaiba neno la siri la mwalimu mmoja. Jambo hilo lilimkaa Obadiah rohoni. Alikodi kompyuta iliyoko nchi ya mbali, akasoma miezi miwili, akajijengea VPN yake mwenyewe: njia ya faragha ambamo barua na vitambulisho vya wateja vilipita vimefungwa, hata jirani wa ukuta mmoja asivione.

"Hapa kwangu," aliwaambia wateja, "siri yako inatoka ikiwa imefunikwa."

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, aliingia Priscilla, mama yake Abby, msukaji wa vikapu kutoka Makwasinyi. Wenzake kumi na wawili walikuwa wamemtuma awasajili kwa maonyesho ya Nairobi, na nakala za vitambulisho vyao pamoja na chake alizibeba kwenye bahasha. Usajili ulifanyika kwenye tovuti pekee, nao ungefungwa saa sita.

"Keti, Mama Abby. Hii ni kazi ya dakika kumi."

Tovuti ikajibu: Umezuiwa. Mtandao wako unatiliwa shaka.

Obadiah akajaribu tena. Safari hii aliulizwa kama yeye ni binadamu, akaletewa picha tisa achague zenye milima. Priscilla akasogeza kiti.

"Hiyo usiguse. Hicho ni kichuguu."

"Kwao huo ni mlima, Mama Abby."

"Basi hawajauona mlima wetu wa Kasigau. Mimi sidanganyi, hata kama anayeuliza ni mashine."

Kwa heshima yake, Obadiah akakiacha kichuguu. Wakakataliwa. Mara ya pili alichagua zote, na kichuguu pia, bila kumwuliza mtu. Mashine ikakiri kwamba yeye ni binadamu, kisha ikamfungia mlango vilevile.

Kinyaa kilimpanda kooni, kama aliyekuta ute wa mtu kwenye kikombe alichokaribishwa. Wala haikuwa tovuti hiyo peke yake. Tangu Januari alikuwa amefungiwa na za magazeti, za vitabu, hata moja ya mapishi. Kosa lake lilikuwa kwamba njia yake ilitokea kwenye jumba la kompyuta za kukodi, na wezi nao hukodi humohumo. Hakuna aliyejishughulisha kuuliza amebeba nini. Walitazama alikotoka, wakamtemea. Alipowaandikia wenye tovuti moja kulalamika, alijibiwa na mashine, ikamshukuru kwa uvumilivu wake.

Ilipofika saa tano na nusu, bado wakijaribu na kukataliwa, Priscilla aliuliza, "Na ukiizima hiyo njia yako?"

"Watatufungulia. Lakini vitambulisho vyenu vitapita kwenye intaneti ya jengo zima, na niliapa sitafanya hivyo tena. Simu yangu, yenye intaneti yake yenyewe, ndiyo ingetuokoa, nayo iko kwa fundi, na yako haina intaneti."

Priscilla alikitazama kikapu cha mkonge alichokuja nacho kama sampuli, kimefunikwa kwa leso.

"Kwetu, ukimpelekea mtu kikapu wazi, umemtukana. Hawa wanataka wazi?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Wachafu," alisema kwa upole. "Zima, mwanangu. Kuna watu kumi na wawili wananingoja. Aibu si yetu."

Akazima. Tovuti ikafunguka papo hapo, ikaandika Karibu kwa herufi za kijani. Habari ya milima haikuulizwa tena. Obadiah alipakia vitambulisho kumi na vitatu, kimoja baada ya kingine, uso ameukunja kama anayeosha choo kilichochafuliwa na wengine. Zikiwa zimebaki dakika nane saa sita itimie, uthibitisho ukafika.

"Waambie wenzako," alisema, "mtu yeyote akiwapigia simu kuuliza namba ya siri, wasimjibu."

"Nitawaambia. Na wewe usijitese moyo."

Obadiah aliiwasha njia yake kwanza, ndipo akamsindikiza hadi mlangoni. Alipomwona amevuka barabara, kikapu chake mkononi kikiwa bado kimefunikwa, alikwenda bombani nyuma ya jengo akanawa mikono kwa sabuni, akaisuuza, kisha akanawa tena.